Shuka Mpaka Mwisho wa Parseli

Ijumaa iliyopita nilirudisha ufunguo wa kile chumba chetu cha kazi mtaani Vulamba. Niliacha kiti, mhuri na kalenda ya parokia. Kamba nimeondoka nayo. Vijana wawili wanaoendelea na kazi waliniomba, kabla sijashika jembe, niwaandikie niliyoyaona tangu nilipoanza kuwa komisioneri, yaani mtu wa kati anayekutanisha mwenye nyumba anayehitaji mkopo na mwenye pesa. Wanasema kila juma kuna mteja anayewauliza swali lile lile: "Miye na ule patron tunajuana, tunasali misa moja. Wewe nakulipa juu ya nini?" Wanataka niwape jibu fupi la kubandika ukutani. Jibu fupi sina. Nina hili refu, walisome siku ya mvua, maana siku ya mvua hakuna kupima.

Niseme mapema kwamba mambo ya kupanda cheo hamtayakuta humu. Komisioneri hapandi cheo, anapanda na kushuka vilima vya Butembo mpaka magoti yaseme basi. Yangu yamesema.

Kazi nilifundishwa na Tata Mbusa, mzee wa parokia yetu, mtu wa maneno machache aliyebeba wino wa kidole gumba ndani ya kopo la sardini. Siku yangu ya kwanza alinipa kamba ya katani yenye fundo kila mita, akaniambia nipime parseli ya mfinyanzi mmoja. Kulikuwa na manyunyu. Nilipima, nikaandika, nikasaini, na mfinyanzi akafurahi kwa sababu kiwanja chake kilikuwa kimekua. Tata Mbusa alitukalisha barazani mpaka jua lilipotoka na kamba ikakauka, kisha akaniambia nipime tena. Kiwanja kilirudi kwenye ukubwa wake wa zamani. Katani ikilowa hujikunja.

"Kamba ilidanganya," akasema. "Mais jina yenye kuwa chini ya karatasi ni ya kwako."

Somo la pili lilikuwa la kushuka. Parseli za kwetu ziko mteremkoni: nyumba juu karibu na barabara, halafu jiko, migomba, choo, na baada ya choo mwenye nyumba hukwambia hakuna tena cha kuona. Tata Mbusa alikuwa anashuka mpaka kwenye jiwe la mwisho, na fimbo yake, hata kwenye tope. Alikuwa anatafuta makaburi. Familia nyingi zimewazika watu wao nyuma ya nyumba, na kiwanja chenye mtu wenu ardhini si cha kumwachia mgeni. Hakuna patron, yaani mfanyabiashara mwenye kukopesha, anayekubali kukabidhiwa nyumba yenye wafu wa watu wengine. Kuwahamisha kunahitaji ukoo mzima, padri, mbuzi, na ugomvi wa miaka. Ndiyo maana katika daftari la Tata Mbusa kila parseli ilikuwa na mstari wake ulioandikwa "Kaburi", na jibu mbele yake. Jibu hilo hakumwuliza mwanaume aliyekuja amevaa koti. Alimwuliza mama wa nyumba, wakiwa wamesimama chini kabisa.

La tatu lilihusu malipo yetu. Komisioneri analipwa na pande mbili, jambo ambalo watu huliona kama wizi mara mbili. Tata Mbusa alichukua nusu moja siku pesa inapotoka, na nusu ya pili siku karatasi ya nyumba, iliyokuwa imeshikwa na mkopeshaji, inaporudi kwa mwenyewe. Alisema mtu aliyelipwa yote siku ya kwanza hatakumbuka hata sura yako. Mimi niliona anajinyima bure.

Kisha vita ilikuja. Ile ya kwanza ilipita barabarani. Ya pili ilikaa. Banki zilifunga milango, walimu na watu wa serikali wakawa wanaishi kwa neno la "kesho", na kati ya Beni na Butembo kila kundi la askari likaweka kamba yake katikati ya njia, mtu asipite bila kulipa. Kamba zao, kavu au mbichi, zilipima kwa kuwapendelea wao. Mtu akipata shida kubwa hakuwa na mlango wa kubisha isipokuwa kwa wafanyabiashara wetu. Nao, wakiwa Wanande wenye akili zao, hawakutoa pesa kwa machozi. Walitaka nyumba iwekwe gaji: karatasi inakaa kwao mpaka ulipe, usipolipa nyumba ni yao. Kazi yetu ikawa nyingi kuliko wakati wowote wa amani. Nalisema kwa aibu, lakini ni kweli.

Tata Mbusa macho yalikuwa yamemwisha, akahamia kwa binti yake kule Mavivi, karibu na uwanja wa ndege. Nilibaki peke yangu na kamba yake. Jambo la kwanza nililofanya ni kuiacha kanuni yake ya nusu na nusu. Nilijiambia: nani anajua kama tutakuwa hai siku ya karatasi kurudi? Nikawa nachukua yote siku ya kwanza.

Mama Masika alinijia asubuhi moja ya Jumatano, hajavaa kitambaa kichwani, jambo ambalo mama wa Kinande halifanyi bila sababu. Alikuwa anauza mafuta ya mawese sokoni, na nyumba ya Vulamba ilikuwa yake kwa jina lake, ameijenga tofali kwa tofali. Mume wake, Kambale, alikuwa dereva wa lori la maharagwe.

"Mama Kavugho, bamemukamata bwana yangu kule Eringeti," akasema. "Banasema alibebea baadui chakula. Bamemufungia mu konteneri ya chuma. Banataka franga mbele ya dimanche. Kama hapana, banasema tukuye kukamata maiti."

Sikuwa na haja ya kuuliza kama ni kweli. Nilimpeleka kwa Patron Kasereka, mnunuzi wa kahawa na papayine, ule utomvu mkavu wa mapapai, mtu mgumu lakini asiyebadilisha neno. Akakubali kutoa, kwa sharti la nyumba kuwekwa gaji, na mimi niikague kwanza. Alikuja na sisi mpaka Vulamba, akabaki juu barabarani na karani wake kwa sababu ya viatu. Msicheke. Viatu vya Patron ndiyo sehemu kubwa ya sababu ya kazi yetu kuwepo.

Nilipima nyumba, nikapima ua, nikashuka. Mama Masika alinifuata. Tulipita migomba, tukapita choo. Chini kabisa kulikuwa na bustani ya maharagwe ya kupanda juu ya miti, miti ya porini iliyopinda kila mmoja kivyake. Mmoja tu ulikuwa umenyooka. Ulikuwa umepigwa randa, na sehemu ya juu ulikuwa na mashimo mawili ya misumari. Kamba za maharagwe zilikuwa zimezungushwa juu yake asubuhi ile ile. Nilijua kwa majani: bado yalikuwa yametazama upande mbaya, tumbo juu, hayajapata muda wa kugeukia jua.

Ardhi pale ilikuwa imeinuka kidogo. Haikuwa na urefu wa mtu mzima.

Nilifungua daftari, nikauliza kama nilivyofundishwa. "Mama, iko kaburi mu hii parseli?"

Alitazama juu, kule ambako Patron alikuwa anasubiri, kisha akashusha sauti. "Ni Kanyere. Mutoto yangu wa miaka ine. Alikufa na surua wakati bunduki bilifunga njia ya makaburi. Jirani babili ndio balitusaidia kuchimba."

"Na musalaba?"

"Kipande moja iko mu jiko. Hii ingine unaiona." Akanishika mkono wenye kalamu. Mkono wake ulinuka mawese. "Mama, mutoto atanisamehe. Baba yake akikufa mu ile konteneri, nani atanisamehe?"

Nimefanya kazi hii miaka mingi na sijawahi kuona mstari mfupi ukiwa mrefu hivyo. Nilifikiria Tata Mbusa. Nilifikiria pia konteneri ya chuma saa sita mchana, kule Eringeti kwenye joto. Niliandika: "Kaburi: hapana." Niliandika kwa mwandiko mzuri kuliko kawaida yangu, na hilo lilinikera kwa miaka.

Tulipopanda, Patron aliuliza, "Donc? Kule chini iko muzuri?"

"Iko maharagi," nikajibu.

Aliridhika. Mama Masika alitia kidole gumba, Patron akatoa, na mimi nikachukua komisio yangu yote, ya upande huu na ya upande ule. Msiniulize nilikuwa na sura gani.

Kambale alirudi akiwa hai. Alirudi kabla ya hiyo Jumapili, amekonda, na mkono wa kuume umevunjwa vibaya hata vidole havikufunga tena. Dereva asiyeweza kushika usukani ni abiria. Lori lenyewe halikurudi. Mama Masika aliongeza saa za soko, akauza mawese, akauza chumvi, akauza na vitenge vyake, lakini muda wa gaji ulifika akiwa hajakaribia nusu. Patron alimwongezea muda mara moja. Akamwongezea mara ya pili. Mara ya tatu alinituma mimi nikaseme kwamba nyumba sasa ni yake. Alikuwa na mpango: juu apangishe, chini ya migomba ajenge depo ya papayine. Wachimbaji wa msingi wangeanza Jumatatu.

Chini ya migomba, mnaelewa, ni kwenye maharagwe.

Sikumwambia Mama Masika siku ile. Niliogopa macho yake. Nilipanda gari la mizigo kwenda Beni na kuendelea hadi Mavivi, nikilipa kwenye kila kamba ya askari. Nilimkuta Tata Mbusa kwenye kigoda, uso umeelekea jua asilolijua tena liko wapi. Alinitambua kwa mwendo. Nilimweleza yote, nikitafuta kusikia kwamba vita ni vita.

Akauliza kitu kimoja. "Ulishuka mpaka chini?"

"Nilishuka, Tata."

"Basi uliona. Kama haungeshuka, ningesema uko muvivu, yaishe. Mais uliona." Akatafuta mkono wangu kwa kupapasa. "Miye siku hizi sioni kitu, mwanangu, hakuna mutu anaweza kuniuliza. Wewe uko na macho. Enda useme kwa ule alikulipa."

"Patron atakamata nyumba hata nikisema, Tata. Na atanichafulia jina."

"Jina yako uliichafua ule siku. Batu tu ndio habajajua bado."

Jumamosi nilisimama mbele ya Patron Kasereka katika depo yake ya kahawa, katikati ya magunia. Nilimwambia kwamba chini ya parseli ya Vulamba amelala mtoto wa miaka minne, kwamba nilijua, na kwamba niliandika hapana. Karani wake aliacha kuandika. Patron hakupiga kelele, na ningependa angepiga.

"Mama Kavugho," akasema, "miye najua kusoma. Najua kuhesabu. Yule mama namujua, tunasali naye. Hiyo yote haikukuwa kazi yako. Nilikulipa juu ya macho yako. Nilikulipa uone kile miye siwezi kushuka kuona. Ukaona, ukakifunika na maharagi."

Nimesikia mahubiri mengi ya Kwaresima, lakini hakuna yaliyonipata kama hayo. Nililia pale mbele ya karani. Kisha nikatoa kwenye kikapu komisio yake, nikaiweka juu ya gunia. Akaichukua; sikutegemea vinginevyo.

Nilimwambia nataka kuweka gaji nyingine mahali pa ile, ili karatasi ya Mama Masika itoke mikononi mwake na deni libaki deni tu, ambalo mama ataendelea kulilipa. Akauliza gaji gani. Nyumba yangu nisingeweza, mama yangu mzazi amezikwa nyuma ya jiko. Lakini nilikuwa na parseli tupu upande wa juu wa mji, niliyoinunua kwa zile komisio nilizochukua zote siku ya kwanza. Nilikuwa nimeiwekea ndoto ya nyumba ya matofali ya kuchoma.

"Tutaenda kuiona," akasema Patron.

Tulikwenda. Karani alinyoosha mkono kutaka daftari ili ashuke yeye, Patron akamkatalia. Alishuka mwenyewe, na viatu vyake vile, kwenye tope la Butembo, mpaka kwenye jiwe la mwisho. Alipiga ardhi kwa kisigino huku na huku. Mimi nilibaki juu kama mgeni kwenye kiwanja changu. Alipopanda, suruali imechafuka mpaka magotini, alimwambia karani mbele yangu: "Andika. Kaburi hapana. Ni miye niliona." Hiyo ndiyo adhabu aliyonipa, na ilitosha.

Jioni kabla ya kengele ya kanisa nilimpelekea Mama Masika karatasi yake. Nilimwambia nimemwambia Patron kweli, na nilivyosema. Kwanza alishika ukuta. Nilimrudishia na komisio yake, akakataa, nikaiacha kwenye meza. Nilimwuliza kama sasa atarudisha msalaba mahali pake, kwa kuwa hakuna wa kufichwa tena.

"Hapana," akasema. "Hii karatasi umeileta wewe, haijarudi bado. Siku nitamaliza kulipa, ile siku itarudi. Kanyere anajua kungojea."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya mwongo aliyejisema mwenyewe ni fupi zaidi. Kabla ya misa ya kwanza mji mzima ulikuwa unajua. Mapatron waliacha kuniita. Wakopaji nao walinikwepa, kwa hofu kwamba nitakwenda kusema. Kwa hiyo nilikuwa nimepoteza wote wawili, waliopenda ukweli na waliopenda uongo. Niliuza nyanya mbele ya chumba changu cha kazi, kamba imening'inia ukutani nyuma yangu. Tata Mbusa alifariki katika kipindi hicho, na sikuwa na nauli ya kamba zote za njiani kwenda kumzika. Hilo bado linaniuma.

Mteja wa kwanza kurudi alikuwa mwalimu aliyetumwa kwetu kutoka Kasai, mtu wa serikali asiyelipwa na serikali. Nilimwuliza nani amemwelekeza kwangu. "Ni Patron Kasereka," akasema. "Alisema: enda kwa ule mama. Yeye, hata akidanganya, anarudi kusema." Sijui kama ni sifa. Niliteremsha kamba ukutani, nikaangalia mbingu kama kuna mvua, tukaenda. Tangu siku ile nilichukua nusu na nusu, mpaka Ijumaa iliyopita.

Sasa nirudi kwenye swali la wateja wenu. Wakiuliza kama inafaa kumlipa komisioneri, msiwaambie inafaa. Waambieni waangalie viatu vyake. Kama ni visafi baada ya ukaguzi, wabaki na franga zao. Kama vina tope, wamwulize ameona nini, na waangalie anajibu upesi au polepole. Mimi nilijibu upesi. Kwa kazi ya siku ile sikustahili chochote cha Patron, na kama ningesema kweli, pengine Kambale angezikwa badala ya kurudi. Nimeyapima haya mawili kwa kamba kavu na kamba mbichi, sijapata kipimo.

Vita ilipoanza kutulia, Mama Masika alifika ofisini amefunga kitambaa kipya kichwani. Alikuwa ametoka kwa Patron, amemaliza. Mkononi alikuwa na barua ya Patron ya kuniachia parseli yangu, na katika mkono mwingine fungu dogo lililokunjwa ndani ya jani la mgomba.

"Hii ni nusu ya siku ya karatasi kurudi," akasema. "Ile ya Tata Mbusa. Wasingya kutsibu."

Nikapokea asante yake ya Kinande, na fungu. Ndiyo komisio pekee ya vita niliyoipokea nikimtazama mtu usoni.

Tulikwenda naye Vulamba, nikashuka mpaka chini, magoti yakilalamika. Kambale alikuwa ametangulia. Mti wa msalaba ulikuwa umeliwa na mchwa, kwa hiyo alikuwa ameranda mwingine, mweupe, kwa mkono wa kushoto. Kipande cha kukingama kilikuwa kile kile cha zamani, kilichokaa miaka yote juu ya moshi wa jiko, cheusi kabisa. Mama Masika alikishika, Kambale akapiga misumari, akikosa mara nyingi kuliko alivyopata. Hakuna aliyemsaidia, kwa sababu hakuomba.

Walipomaliza nilifungua daftari langu la zamani kwenye ukurasa wa parseli ile. Nilikata neno "hapana", nikaandika juu yake: "Moja." Nilitaka kufunga. Mama Masika, anayesoma polepole, alikuwa amesimama begani kwangu, ameweka kidole chini ya neno lile.

"Andika na jina," akasema.

Nikaandika: Kanyere, miaka minne.